Mcheza Kwao Hutunzwa: Mwalimu wa Maigizo wa Songea

 

Leo nina malalamiko na nina ombi, na yote mawili yanamhusu mtu mmoja: mwalimu anayeongoza maigizo katika shule zetu za sekondari. Simsemi aliyejaribu mwaka mmoja akaacha. Namsema yule aliyeanza kazi hiyo mara tu alipopangiwa kituo, kijana mwenye sanduku moja la nguo, akaendelea nayo mpaka watoto wa wanafunzi wake wa kwanza wakaja kukaa mbele yake darasani. Kwenye barua yake ya ajira ameandikwa mwalimu wa Kiswahili, au wa Historia, au wa Kiingereza. Maigizo hayakutajwa. Mazoezi anayafanya baada ya vipindi, wenzake wakiwa wamekwenda zao nyumbani, ndani ya bwalo linalonukia maharage, huku mpishi akimhimiza amalize kwa sababu meza zinahitajika.

Halafu inawadia siku ya mahafali. Mgeni rasmi amethibitisha kwamba atakuja. Ndipo mwalimu huyu anapoitwa ofisini na kuambiwa: "Mwalimu, tuandalie kitu kidogo, dakika kumi zinatosha, ila kichekeshe."

Malalamiko yangu yanaanzia hapo. Tumemfanya mtu wa kuchangamsha shughuli za watu wengine, ilhali anafundisha, tena anafundisha kwa kazi ngumu kuliko nyingi zilizoandikwa kwenye ratiba. Na sisi watu wa Songea ndio tuliopaswa kulitambua hilo mapema kuliko wote. Nitakueleza kwa nini.

Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga hapa mjini viongozi na wapiganaji wa Kingoni. Nkosi Mputa Gama alikuwa miongoni mwao. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu umebeba jina lake, naye alinyongwa siku chache baadaye, na kaburi lake liko peke yake. Habari zao zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Majimaji, pale mtaa wa Mahenge hapa mjini. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo akawaomba radhi wazao wa mashujaa hao, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea, linaloaminika kupelekwa Ujerumani.

Mtoto wetu wa sekondari anaijua tarehe ya mwaka 1906, maana huulizwa kwenye mtihani. Anajua sababu za vita, anazijua hoja zake moja hadi sita, na anajua matokeo. Lakini muulize mtu aliyefungiwa gerezani anawaza nini usiku wa kuamkia kunyongwa. Muulize mama aliyebaki nyumbani anawaambia nini watoto wanaomuuliza baba yuko wapi. Hapo daftari halina kitu. Anayeweza kumfikisha huko ni mwalimu wa maigizo, akiachiwa muda.

Kitabu cha kufanyia kazi hiyo tunacho. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, mtu wa Kusini mwenzetu, alichapisha tamthiliya ya Kinjeketile, na mwaka huohuo ikachezwa jukwaani Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mwaka huohuo pia kilitoka kijitabu cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara kuhusu vita vya Majimaji katika Ungoni, tunda la utafiti wa mwaka 1968 ambapo wanafunzi wa chuo walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Naviweka pamoja vitabu hivi viwili kwa makusudi. Mwalimu mzuri wa maigizo hapa Songea huviweka pamoja pia. Hussein mwenyewe alieleza katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni mtu aliyeumbwa na fikra za mwandishi, si Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe wa kwenye historia. Mwalimu anayelijua hilo huanza na somo zuri sana: hapa historia inasema hivi, hapa mwandishi amebuni, na sasa tujiulize amebuni kwa nini.

Na kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa Songea anaweza kulielewa kuliko mwanafunzi wa mahali pengine popote. Vita vilianza Umatumbi Julai 1905, watu walipong'oa pamba. Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo. Maji, ile dawa iliyoaminika kuzuia risasi, yalipoletwa huku Ungoni na mtu aliyeitwa Kinjala, mwenye maji alikuwa ameshauawa. Babu zetu walipigana kwa neno la mtu ambaye tayari alikuwa kaburini. Ile tamthiliya kiini chake ni hichohicho: neno limetoka kinywani mwa mtu, likakua, likawa kubwa kuliko yeye, na hakuna wa kulirudisha. Mtoto aliyezaliwa Mshangano au Mjimwema akielezwa hivyo, kitabu kinaacha kuwa cha mambo ya Rufiji. Kinakuwa cha kwao.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu nataka uone kazi yenyewe inavyofanyika.

Kinjeketile inaanza na wanawake wawili, Bibi Bobali na Bibi Kitunda, wanaozungumzia uhaba wa chakula. Hakuna mkuki wala bunduki. Njaa tu. Nimewahi kukaa kwenye kona ya bwalo nikatazama mazoezi ya onesho hili. Wasichana wawili wa kidato cha tatu walikuwa wameshakariri maneno yote, hawakosei hata nukta, na walikuwa wakiyatema kama wanaosoma orodha ya majina paredi. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakuwagombeza. Alikwenda stoo akarudi na ungo, akauweka sakafuni mtupu, akamwambia mmoja wao: "Chuchumaa. Pepeta."

Msichana akasema, "Mwalimu, hamna kitu humu."

Mwalimu akamjibu, "Ndiyo. Pepeta hivyohivyo, na useme maneno yako."

Yule binti akachuchumaa. Akapepeta ungo mtupu mara ya kwanza, mara ya pili, na sauti yake ikabadilika. Ikashuka. Maneno yakaanza kutoka polepole, yakikatikakatika, macho yake yakiwa kwenye ungo, maana hakutaka kumtazama mwenzake usoni. Wale waliokuwa wakicheka dirishani wakanyamaza. Baada ya hapo mwalimu akawaambia wote waende wakawaulize bibi zao nyumbani walisimuliwa nini juu ya njaa iliyofuata vita, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Mtafiti Gilbert Gwassa alikadiria kwamba Watanganyika waliokufa katika vita hivyo na njaa yake walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Idadi hiyo ukiandika ubaoni, mwanafunzi anainakili na kufunga daftari. Ukianza na ungo mtupu, katika mkoa huu unaojivunia mahindi, anaibeba mpaka nyumbani.

Ujuzi wa aina ile haupatikani kwa semina ya siku mbili. Mwalimu ameupata kwa kukosea na kurudia, mwaka hadi mwaka, darasa hadi darasa. Anajua kwamba mtoto anayejitokeza wa kwanza kutaka nafasi kubwa mara nyingi si anayeifaa, na kwamba yule anayekaa nyuma kabisa, ambaye walimu wengine hawajawahi kuisikia sauti yake, anaweza kusimama kama Kitunda na bwalo zima likatulia. Anajua namna ya kuliongoza lile onesho la Msimamizi anayemdhalilisha Chausiku, binti wa Kitunda, mbele ya wanafunzi wenye umri wa kubalehe: nini kioneshwe, nini kiachwe nyuma ya pazia, na namna ya kuzungumza na aliyepewa nafasi ya Msimamizi ili asiondoke na sifa ya kijinga wala asibandikwe jina baya bwenini. Katika shule ya wavulana anajua kumchagua kijana wa kuigiza mama bila kumfanya kichekesho. Maleba anayapata kwa kuomba: kaniki kwa matroni, khanga kwa mke wake, mikuki kwa fundi seremala, kofia ya Mjerumani kwa boksi lililopakwa rangi. Umeme ukikatika katikati ya onesho anaamuru taa za chemli ziletwe, na igizo linaendelea.

Sasa msikilizaji atasema: mbona unakuza mambo, maigizo ni maigizo. Basi tuwatazame waliolichukua jambo hili kwa uzito wake, tena wa hapahapa nchini.

Amandina Lihamba alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Penina Muhando, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Mlama, naye ni wa Morogoro, alizaliwa mwaka 1948. Wote wawili walikuja kuwa maprofesa wa sanaa za maonesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Penina Muhando aliandika Hatia mwaka 1972, na miaka kumi baadaye Nguzo Mama. Lihamba aliandika Hawala ya Fedha, iliyotoka mwaka 1980, kutokana na kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal. Wakaungana na Ndyanao Balisidya wakaandika Harakati za Ukombozi, iliyotoka mwaka 1982. Lihamba akapata udaktari wake Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kwa utafiti juu ya siasa na maigizo Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Ni mwigizaji pia. Waliotazama filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001 wanamkumbuka. Watu wenye sifa hizo wangeweza kukaa Mlimani, wakafundisha wanafunzi waliochujwa, wakazeeka kwa heshima.

Hawakukaa. Miaka ya 1980 walikuwa vijijini na wenzao, Malya kule Mwanza, Msoga wilayani Bagamoyo, Mkambalani kule Morogoro, wakitumia ngoma na michezo ya kuigiza ili wanakijiji waseme wenyewe yanayowasumbua. Baadaye wakaanzisha mradi wa maonesho ya watoto. Na mwaka 1996 ukaanza Tuseme, katika shule za sekondari, kwa ajili ya wasichana.

Tuseme ilifanya kazi hivi. Hakuna aliyekuja na igizo lililokwisha andikwa. Wanafunzi wenyewe waliulizwa nini kinawazuia kusoma. Walikwenda wakachunguza, wakajadili, wakatafuta chanzo, kisha yale waliyoyapata wakayageuza igizo, ngoma, shairi. Wakayacheza mbele ya walimu, wazazi na viongozi walewale ambao wangeyasema moja kwa moja wangeitwa watovu wa adabu. Mazungumzo yakafuata palepale. Kisha zikaundwa klabu ili shughuli isife baada ya wageni kuondoka. Fikiria, msikilizaji, binti wa miaka 15 anayesumbuliwa na mtu mzima mwenye cheo. Hawezi kwenda ofisini kumtaja. Lakini ndani ya igizo, kwa jina la mhusika, anasema kila kitu, na yule mtu mzima ameketi safu ya mbele anasikia. FAWE, lile jukwaa la wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu ya wasichana, ambalo Profesa Mlama alikuja kuliongoza makao makuu Nairobi, liliichukua njia hiyo na kuipeleka katika nchi nyingine nyingi za Afrika.

Hayo yalitoka hapa kwetu. Lakini tazama ni nani aliyebaki na kazi shuleni baada ya mradi: mwalimu yule wa Kiswahili mwenye daftari lake la mazoezi. Maprofesa wameandikwa vitabuni, na wanastahili. Yeye hakuandikwa popote.

Majirani zetu Wakenya wana tamasha la taifa la maigizo ya shule na vyuo tangu mwaka 1959. Shule zinashindana kuanzia ngazi za chini hadi taifa, na mwalimu anayeongoza igizo likashinda anajulikana nchi nzima. Nguvu ya kazi yake inajulikana pia kwa njia ya machungu. Mwaka 2013 igizo la Shackles of Doom la Butere Girls lilipigwa marufuku mpaka Mahakama Kuu ikaliruhusu. Aprili 2025 wasichana wa shule hiyohiyo walipofika Nakuru na Echoes of War, mwandishi wake Cleophas Malala alikuwa amekamatwa, polisi walirusha mabomu ya machozi, na wanafunzi wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kucheza. Sifurahii hata chembe kwamba watoto walivutishwa moshi ule. Ninachosema ni kwamba serikali haitumi polisi kuzuia kitu kisicho na maana.

Kwetu, tatizo ni jingine. Hakuna anayemzuia mwalimu. Anasahauliwa tu.

Na hasara ya kumsahau iko hata kwenye matokeo ya mtihani, ambayo ndiyo lugha tunayoielewa upesi. Kidato cha tatu na cha nne wamesoma tamthiliya kwa miaka mingi: Orodha ya Steve Reynolds, Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Pita stendi au sokoni uone kinachouzwa. Ni vijitabu vya uchambuzi: dhamira, ujumbe, falsafa, mtindo, yote yametafunwa tayari. Kuna wanafunzi wanaofika kwenye chumba cha mtihani hawajafungua tamthiliya yenyewe. Wanajua kwamba Ngoswe, karani wa sensa, alikuwa mzembe, kwa sababu imeandikwa hivyo, lakini hawajawahi kumwona akimsahau karani aliye ndani yake mara binti Mazoea anapopita. Hawajawahi kuona karatasi za sensa zikiteketea. Watoto hawa waliiona sensa ya Agosti 2022 ikipita nyumbani kwao, wakamwona karani akihesabu watu mlangoni. Mwalimu akiwasimamisha waicheze, dakika chache zinatosha waelewe kile ambacho kijitabu cha uchambuzi kinakizungusha kwa kurasa nzima. Tamthiliya imeandikwa ichezwe. Kumfundisha mtoto tamthiliya akiwa amekaa kitini tangu mwanzo hadi mwisho ni kumnyima nusu ya somo, na hapa sina sababu ya kupunguza ukali wa maneno.

Mwalimu Nyerere alilijua hilo. Aliyekuwa mwalimu wa sekondari Tabora na Pugu, akiwa ameshika dola, alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alitaka kuonesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mazungumzo ya jukwaani ya uzito wowote. Na mara baada ya Azimio la Arusha ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea shuleni nchi nzima. Watu wa rika langu wengi walisimama mbele ya umma kwa mara ya kwanza wakiwa katika ngonjera, na aliyewafundisha kusimama alikuwa mwalimu.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeipa sanaa nafasi katika mkondo wa amali. Ni jambo jema. Lakini mtaala hautekelezwi na karatasi. Hapa mkoani tuna walimu waliokwisha jifunza kazi hii kwa miaka yao yote, na baadhi wanakaribia kustaafu. Wakiondoka bila kuachiwa kijana wa kumshika mkono, tutaanza upya na vitabu vya mwongozo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa shule na maafisa elimu wa Ruvuma ni hili. Mwalimu wa maigizo awekewe vipindi vyake katika ratiba, vihesabiwe katika mzigo wake wa kazi kama vipindi vya hesabu vinavyohesabiwa kwa mwalimu wa hesabu. Apewe mwalimu kijana wa kujifunza kwake. Picha na miswada ya maigizo yaliyochezwa ihifadhiwe maktaba ya shule, badala ya kuozea uvunguni mwa kitanda chake. Na shule zetu ziombe nafasi ya kuicheza Kinjeketile, au igizo lao wenyewe juu ya Ungoni, wakati wa kumbukizi za Mashujaa kila Februari, likiwa na ngoma za lizombe na mganda ndani yake, mbele ya wazee ambao damu ile ni ya kwao. Lichezwe zima, tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaoweza kulifanya hilo tunao, na wahenga walishasema mcheza kwao hutunzwa.

Kwako wewe uliyewahi kuigiza shuleni, leo ukiwa wakili, nesi, diwani, mfanyabiashara au mhubiri, ukasimama mbele ya watu bila magoti kutetemeka: mwalimu wako huenda bado yuko hapahapa mjini. Mpigie simu wiki hii. Kama una picha ya siku ile, mpelekee nakala, maana huenda yeye hana hata moja.